Fuwele Yako Uipeleke Wapi? Maabara, Posta au Sinkrotroni

Mtafiti wa chuo kikuu anayepangiwa zamu kwenye sinkrotroni (kituo cha mwale mkali wa eksirei) ya Diamond huko Harwell, Uingereza, au ile ya ESRF mjini Grenoble, Ufaransa, halipii mwale hata senti moja, ilimradi akubali kuchapisha matokeo yake. Anayelipa ni kampuni inayotaka kuyaweka siri, na hiyo hutozwa maelfu kwa kila zamu. Kwa mwanakemia mwenye fuwele mkononi na mfuko mwepesi, habari hiyo ni njema mno. Ndiyo maana wengi huuliza: kama eksirei kali kupita za maabara yoyote ni bure, ya nini kuhangaika na mashine ya maabara?

Jibu ni kwamba mwale ni sehemu ndogo tu ya gharama ya muundo wa fuwele. Kuna miezi ya kusubiri, viza, usafirishaji, na fuwele inayokufa njiani. Tena kuna sharti moja lisilotajwa penye neno "bure", nalo nitalifikia. Makala haya yanapima chaguo zilizopo kwa fedha, kwa muda na kwa ubora wa jibu, yakimlenga mwanafunzi wa uzamili au uzamivu pamoja na msimamizi wake, hasa wale ambao chuo chao hakina mashine yoyote ya fuwele.

Unachonunua

Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba fuwele hutawanya eksirei. Mwaka uliofuata William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence wakaligeuza jambo hilo kuwa njia ya kupima mahali pa atomi. Kanuni ni ile ile hadi leo. Eksirei hupiga elektroni za atomi zilizojipanga kwa safu, hutawanyika, na kuacha maelfu ya madoa kwenye kitambuzi. Kutokana na mahali na ukali wa madoa hayo, kompyuta hukokotoa kila atomi imekaa wapi, kifungo kina urefu gani, na kama molekuli ni ya mkono wa kulia au wa kushoto. Unachoondoka nacho ni faili la CIF lenye muundo huo, ambalo jarida litalidai kabla ya kuchapisha makala yako.

Madoa yanatoka kwa nguvu gani? Hapo ndipo pesa zinapoingia. Ukali wa madoa hufuata ujazo wa fuwele. Fuwele yenye upande wa mikromita 100, karibu unene wa unywele, huisumbua maabara ya kawaida mara chache. Punguza upande huo hadi mikromita 10 na ujazo unashuka mara 1,000. Madoa nayo yanafifia hivyo hivyo. Atomi nazo zina neno: iodini au shaba ina elektroni nyingi na hutawanya sana, ilhali molekuli ya kaboni, hidrojeni na oksijeni peke yake hutawanya kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua ukubwa wa fuwele yako, atomi zilizomo, na swali unalotaka lijibiwe.

Anza na kisicho na gharama

Hatua ya kwanza ni kutazama kama muundo huo umeshapatikana. Kanzidata ya miundo ya fuwele iliyoko Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilivuka miundo milioni 1 mwaka 2019. Muundo mmoja mmoja unaweza kuutazama bila malipo. Wanaohitaji leseni kamili katika nchi zenye kipato kidogo wanaweza kuiomba kupitia mpango wa FAIRE unaoendeshwa na taasisi yenye kanzidata hiyo. Kanzidata nyingine, Crystallography Open Database, iko wazi kwa kila mtu.

Hatua hii haina mbadala, kwa sababu fuwele nyingi "mpya" huja kugundulika kuwa ni malighafi iliyorudi kwenye hali yake, au chumvi iliyobaki chini ya chupa. Mtu mwenye mashine anaweza kupima vipimo vya seli ya fuwele kwa muda mfupi na kuvitafuta kwenye kanzidata kabla ya kuanza kazi yote. Mwombe afanye hivyo kwanza.

Programu za kukokotolea nazo hazikuhitaji uvunje kibubu. SHELX, kazi ya maisha ya George Sheldrick wa Göttingen, ni bure kwa watafiti wa vyuo, na Olex2 pia ni bure.

Chaguo la kwanza: difraktomita ya maabara

Hii ni kabati la chuma lenye vioo vya risasi. Ndani yake kuna chanzo cha eksirei, kitambuzi, na bomba linalopuliza nitrojeni baridi juu ya fuwele, mara nyingi kwa kelvini 100. Kuinunua ni laki kadhaa za dola, na juu yake unaongeza mkataba wa matengenezo, umeme usiokatika, maji ya kupoozea, na fundi anayeijua. Kuitumia kwenye chuo cha jirani ni ada ya kawaida kwa sampuli, au ni jina la mwenye mashine kwenye orodha ya waandishi.

Muda wake ni saa chache hadi siku moja kwa fuwele nzuri. Fuwele ikiwa dhaifu, inaweza kuachwa humo siku kadhaa.

Jambo ambalo wateja wengi hawaulizi ni aina ya chanzo. Vilivyozoeleka ni viwili: molibdenamu, yenye urefu wa wimbi wa angstromu 0.71, na shaba, yenye angstromu 1.54. Kama una kiwanja chenye metali nzito, omba molibdenamu, maana shaba hufyonzwa mno na atomi hizo. Kama una kiwanja kilichotolewa kwenye mmea, chenye kaboni, hidrojeni na oksijeni tu, na unataka kuthibitisha mkono wa molekuli, omba shaba. Alama ndogo inayotofautisha kulia na kushoto hutoka kwenye atomi za oksijeni, na kwa wimbi refu la shaba alama hiyo huonekana vizuri zaidi.

Hapo ndipo sinkrotroni inapoweza kukupa jibu hafifu kuliko maabara. Njia ya mwale ya I19 kule Diamond, yaani kituo kimoja cha majaribio pembeni mwa sinkrotroni hiyo kilichojengwa kwa ajili ya molekuli ndogo, hufanya kazi nyingi kwa wimbi la angstromu 0.6889. Wimbi hilo ni zuri kwa mengi, lakini kwa mkono wa molekuli isiyo na atomi nzito halifui dafu mbele ya mashine ya shaba. Wanakemia wetu wa mimea ya dawa, ambao swali lao kubwa mara nyingi ni hilo la mkono, walizingatie kabla ya kuandika maombi ya kwenda mbali.

Chaguo la pili: kutuma kwa posta

Uingereza ina Huduma ya Taifa ya Fuwele katika Chuo Kikuu cha Southampton. Wanakemia wa vyuo vya huko hutuma sampuli, wataalamu huzipima kwa mashine kali za maabara, na zile zinazoshindikana hupelekwa I19 kwa muda ambao huduma hiyo imeshatengewa. Mpangilio huu ni wa busara, kwa kuwa fuwele hupanda ngazi moja baada ya nyingine na haifiki kwenye mwale adimu mpaka ngazi za chini zishindwe.

Kwa aliye nje ya mpango wa namna hiyo, mlango wa posta ni ushirikiano. Unamtafuta mtaalamu wa fuwele, unamwandikia, unatuma kichupa. Gharama ya fedha ni kifurushi. Gharama nyingine ni kusubiri nafasi kwenye foleni ya mtu mwingine, na kugawana uandishi. Kugawana huko ni haki kabisa ikiwa mtu amekaa siku mbili akipambana na fuwele yako.

Kinachoua huduma ya posta ni fuwele zenyewe. Nyingi hubeba kiyeyusho ndani yake, na kikitoka hupasuka na kuwa unga. Tuma fuwele zikiwa bado ndani ya kimiminika zilimokulia, kwenye kichupa kilichofungwa barabara na kujazwa hadi karibu na mdomo ili zisigongane. Usizichuje wala kuzikausha. Zilizokwisha kugandishwa zinahitaji chombo maalumu kinachotunza baridi ya nitrojeni, na hapo bei ya usafirishaji hupanda sana.

Kwa unga, mfano unaojulikana ni njia ya 11-BM kwenye sinkrotroni ya APS, iliyo nje kidogo ya Chicago. Ilijipatia jina kwa huduma ya posta: mtafiti alijaza unga kwenye mirija myembamba ya kaptoni, akaituma, roboti ikaipima mmoja baada ya mwingine, naye akapokea data bila kupanda ndege. Vitambuzi vyake 12 vyenye fuwele za silikoni hutenganisha mistari ambayo mashine ya maabara huiona kama kilima kimoja.

Chaguo la tatu: sinkrotroni

Elektroni huzungushwa kwenye duara kubwa karibu na kasi ya mwanga. Kila zinapopindwa na sumaku, hutoa eksirei. Diamond, iliyoanza kupokea watafiti mwaka 2007, ina mzunguko wa mita 562. ESRF ina mita 844, na baada ya kujengwa upya ilifunguliwa tena mwaka 2020 ikiwa na mwale uliokolea takriban mara 100 zaidi ya ule wa awali. Pembeni mwa duara kuna njia za mwale, kila moja na kazi yake. Ukiomba sinkrotroni, kwa kweli unaomba njia moja mahususi, na kukosea njia ni kupoteza zamu.

Ndani ya njia ya fuwele ndogo kazi huenda hivi. Chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga, mtafiti anazungusha kioo. Fuwele nzima hujizima kwa pamoja na kuwaka kwa pamoja. Ikiwa nusu moja inabaki inang'aa wakati nyingine imezima, hizo ni fuwele mbili zilizoshikana, na anaiacha. Iliyo safi anaichota ndani ya tone la mafuta kwa kitanzi cha plastiki kisichoonekana vizuri kwa macho, kisha anaitumbukiza kwenye baridi, na mafuta yanaganda kama kioo. Vitanzi 16 hupangwa kwenye sahani moja ambayo roboti itaichukua. Kabla ya eksirei kufunguliwa, mtu hupita chumba chote cha majaribio akibonyeza vitufe vya ukaguzi kwa mpangilio, kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, ndipo mlango mzito unafungwa. Baada ya hapo kipimo ambacho maabara ingekifanya usiku kucha huisha kwa dakika chache.

Unachopata kwa kasi hiyo ni fuwele za mikromita 10 au pungufu kusomeka. Unapata pia majaribio yasiyowezekana nyumbani: kuibana fuwele kati ya almasi mbili na kutazama atomi zikisogea, au kuingiza gesi kwenye tundu za fuwele na kuona molekuli zinakaa wapi. Viunzi vya metali na molekuli za kaboni, vilivyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, ni mfano mzuri. Fuwele zake mara nyingi ni ndogo, zimejaa nafasi tupu, na hutawanya kidogo. Kundi la Yaghi huko Berkeley limepima nyingi kwenye sinkrotroni ya ALS iliyo mlimani juu ya chuo hicho.

Gharama zake ni hizi. Maombi hupokelewa kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, jopo huyapima, na wengi hukosa. Kutoka kuandika andiko hadi kupata zamu, hesabu nusu mwaka au zaidi. Zamu yenyewe ni saa nane, nayo haikusubiri: fuwele zikikataa siku hiyo, muda umekwenda. Mwale mkali pia huunguza. Fuwele yenye rangi inaweza kubadilika rangi mbele ya macho yako, na metali ndani yake kupokea elektroni na kuwa kitu kingine, ukaondoka na muundo wa kiwanja ambacho hukukileta. Dawa yake ni kupunguza mwale na kuwa na fuwele za akiba.

Safari nayo ina bei yake. Vituo vingi huwasaidia watafiti wa nchi wanachama kwa nauli na malazi. Wa nje hujitegemea au hutafuta mfadhili. Viza ya Schengen pekee, kwa mtu mzima, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Njia nyingi za mwale siku hizi huendeshwa kwa mbali, hivyo uliza hilo kabla ya kununua tiketi: fuwele zinasafiri, nawe unakaa mbele ya kompyuta yako.

Jirani wa karibu zaidi kwa Afrika Mashariki na Ghuba ni SESAME, iliyoko Allan nchini Jordan na kufunguliwa Mei 2017. Ni ndogo, mita 133 tu, na njia yake ya sayansi ya maada ni hodari kwa unga. Afrika yenyewe haina sinkrotroni hata moja, ingawa vuguvugu la kuijenga lilipata nguvu katika mkutano wa Grenoble mwaka 2015. Mpango wa LAAAMP, ulioasisiwa na vyama vya kimataifa vya fizikia na fuwele, hugharamia mwalimu na mwanafunzi wake kwenda pamoja kwenye kituo cha mwale na kukaa muda wa kutosha kujifunza. Kwa msimamizi na mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hilo ni ombi la kuandika kabla ya mengine yote.

Chaguo la nne: elektroni, na nyutroni

Tangu 2018, makundi kadhaa yalipoonyesha kwamba chembe za unga wa kawaida zinaweza kutoa muundo wa molekuli kwa mwale wa elektroni, soko limebadilika. Fuwele iliyo chini ya mikromita 1, ambayo hata sinkrotroni huisoma kwa taabu, sasa inasomeka, na mashine za kazi hiyo tu zinauzwa. Bei ya kununua iko juu ya ile ya difraktomita, kwa hiyo kwa wengi hii ni huduma ya kutuma sampuli. Mipaka yake: fuwele huingia kwenye ombwe, zilizobeba kiyeyusho zikaweza kukauka na kuvunjika, na usahihi wa urefu wa vifungo kwa kawaida uko chini ya ule wa eksirei. Kama swali lako ni "nimetengeneza nini?", inatosha kabisa.

Nyutroni ni za anayetaka kujua hidrojeni iko wapi hasa. Vyanzo vyake viko jirani na sinkrotroni, ISIS kando ya Diamond na ILL kando ya ESRF, lakini vinataka fuwele kubwa, karibu milimita moja. Bila fuwele hiyo usiombe.

Mwale wa bure, ushahidi wa kulipia

Sasa sharti nililoahidi. Majopo ya njia za kemia kwa kawaida hutaka uthibitisho kwamba maabara imeshindwa: fuwele ilikuwa na ukubwa gani, ilipimwa kwa chanzo gani, madoa yaliishia wapi. Ni sharti la haki, kwa sababu mwale ni adimu. Lakini maana yake ni kwamba njia ya kufikia mwale wa bure hupitia kwenye mashine ya kulipia. Asiye na difraktomita karibu hawezi kuandika andiko lenye nguvu, hata kama fuwele yake ndiyo inayostahili kuliko zote kwenye foleni. Hivyo nchi zenye mashine nyingi nyumbani ndizo zinazovuna pia muda mwingi wa bure ugenini.

Kipi kinakufaa

• Fuwele ya mikromita 50 au zaidi: maabara. Shaba kwa molekuli nyepesi na swali la mkono, molibdenamu kwa metali nzito.
• Mikromita 10 hadi 50: jaribu mashine ya maabara yenye chanzo kikali, kisha sinkrotroni kupitia kundi lenye muda tayari.
• Chini ya mikromita 10: sinkrotroni, na ushahidi mkononi.
• Chini ya mikromita 1, au unga usiotaka kukua: elektroni. Unga mwingi ulio safi: njia ya mwale ya unga, kwa posta ikiwezekana.
• Shinikizo, gesi, joto linalobadilika, mabadiliko ya dakika kwa dakika: sinkrotroni moja kwa moja, nenda mwenyewe.

Kabla ya chaguo lolote kati ya hayo, rudi kwenye benchi. Wiki mbili za kubadilisha viyeyusho, kupunguza kasi ya uvukizi, au kuacha mvuke wa kiyeyusho kimoja uingie taratibu kwenye kingine zinaweza kukushusha ngazi nzima kwenye orodha hii. Zitakugharimu kiyeyusho na subira tu.

Kwa wakuu wa idara wanaopanga bajeti, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Msinunue difraktomita kila idara peke yake kwa fuwele chache za mwaka. Itazeeka kabla ya kujilipa. Lakini pia msiridhike kutuma barua pepe za kuomba fadhila kila fuwele inapoota. Vyuo vitatu au vinne vilivyo karibu vinunue moja kwa pamoja, viajiri fundi mmoja mzuri, viweke hadubini ya vichujio viwili katika kila maabara ya wanafunzi, na vitenge fungu la vifurushi na viza. Mashine hiyo itajibu maswali mengi papo hapo. Yale itakayoshindwa, itayaandikia ushahidi, na kwa ushahidi huo wanafunzi wetu wataomba mwale wa Grenoble, Harwell au Allan kwa hoja ile ile wanayoitumia wenzao wa Uingereza.